Mchezo wa Pikipiki Usiotaka Haraka

Mwambie kijana yeyote wa pwani kwamba kuna mashindano ya pikipiki, naye papo hapo atakuuliza: nani anakwenda mbio zaidi? Hana makosa. Tumekua tukisikia habari za mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, na tukajua kwamba bingwa ni yule apitaye na kuacha vumbi nyuma. Lakini, msomaji mpenzi, upo mchezo mwingine wa pikipiki ambao mwenye pupa ndiye wa kwanza kushindwa.

Waingereza, walioulea mchezo huu, huuita majaribio. Mashindano yake mashuhuri ni yale ya siku sita ya Uskoti, ambayo yana zaidi ya miaka 100 na ambayo makao yake ni Fort William, mji ulio chini ya mlima Ben Nevis. Mpandaji huwekewa kijia kifupi chenye majabali, mizizi, matope na maji, akaambiwa akipite bila ya kutia mguu chini. Akigusa ardhi mara moja, huandikiwa alama 1. Mara mbili, alama 2. Mara tatu au zaidi, alama 3. Akishindwa kabisa, huandikiwa 5. Mwisho wa siku, mwenye alama chache ndiye mshindi. Kwa hivyo alama hapa ni deni, wala si akiba.

Katika mchezo huu hakuna jina lililovuma kama la Sammy Miller, aliyezaliwa Belfast mwaka 1933. Huyu bwana alitwaa ubingwa wa Uingereza mara 11 mfululizo, tangu 1959 hadi 1969. Chombo chake cha kwanza cha sifa kilikuwa Ariel ya cc 500, yenye namba GOV 132. Pikipiki hiyo ilikuwa nzito, na kuinyanyua juu ya jabali ni kazi ya mwanamume kweli. Miller hakuitafutia nguvu zaidi. Aliipunguzia uzito. Kila kipande alikitazama na kujiuliza: hiki kina faida gani? Palipofaa aliondoa chuma akatia aluminiamu au faibaglasi, hata Ariel ile ikashuka hadi kilo zipatazo 111.

Lakini hesabu ilikuwa inamgeukia. Kampuni ya Ariel ilikwisha acha kuunda pikipiki za namna ile tangu 1959, na chombo kisichoundwa tena hakina kesho. Mwishoni mwa 1964 Miller alifanya jambo lililowashangaza wenzake. Aliiacha GOV 132 iliyompa jina, akaenda Uhispania kwa kampuni ya Bultaco, iliyokuwa na umri wa miaka sita tu. Huko alikuwa akipanda milimani kujaribu, akirudi karakanani kubadilisha, kisha akipanda tena. Ikazaliwa Sherpa T ya cc 244, nyepesi kuliko Ariel. Injini yake ni ya kuchanganya oili na petroli, kama zile ambazo wavuvi wetu wamezoea kuzifunga nyuma ya mashua. Waliozoea injini kubwa waliidharau. Mwaka 1965 Miller akashinda nayo siku sita za Uskoti, na ilipofika miaka ya 1970 pikipiki za Uhispania ndizo zilizokuwa zikitamba mahali pa zile za Uingereza.

Waama, kuunda ni jambo moja na kutunza ni jingine. Pikipiki ya majaribio hushinda ndani ya maji na matope, na maji ni adui wa chuma, jambo ambalo sisi wa pwani hatuhitaji kufundishwa. Jioni huoshwa, mnyororo ukapakwa mafuta, kichujio cha hewa kikasafishwa, spoku zikagongwa moja moja kusikiliza iliyolegea. Breki na klachi hurekebishwa hata zitii kidole kimoja. Tairi nazo hutiwa upepo mchache mno, ratili 4 au 5 tu kwa inchi mraba katika gurudumu la nyuma, ili mpira ulale juu ya jiwe na kulikumbatia. Ukitia upepo mwingi, tairi hudunda na mguu hushuka.

Ama kupanda kwenyewe, huanzia kwa miguu. Kabla ya kuwasha injini, mpandaji hukitembelea kijia chote, akachagua jiwe la kukanyaga na jiwe la kuepuka, kama nahodha asomaye miamba kabla ya kuingiza chombo mlangoni. Kisha husimama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamelegea, macho yakitazama mbele wala si kwenye gurudumu. Akikata kona kali huilaza pikipiki upande mmoja, mwili wake ukaegemea upande wa pili. Petroli huitia kwa upole, na klachi ndiyo humpimia nguvu. Mwenye kukaba mikono kwa hofu hutupwa na jiwe la kwanza.

Hapa ndipo penye somo kwa vijana wetu wanaochukua abiria. Wengi hupenda kubadilisha pikipiki zao: hung'oa vioo, hubadilisha bomba la moshi ili lipige kelele. Si vibaya kubadilisha chombo, ila Miller hakuondoa kitu kabla ya kujua kazi yake. Wala asitokee mtu akapunguza upepo wa tairi ati kwa kuwa bingwa alifanya hivyo. Upepo ule ni wa kutambaa mawemawe, mtu akiwa peke yake. Barabarani, na abiria nyuma, ni kutafuta msiba.

Bultaco nayo ilikuja kufunga milango katika miaka ya 1980, na pikipiki za mchezo huu leo ni nyepesi zaidi, hata kiti hazina. Vyombo vimebadilika, lakini deni la mguu halijafutwa. Mwenda pole hajikwai, walisema wazee, na huko Uskoti mwenye kujikwaa huandikiwa.