Kanuni mpya ya kompyuta isisubiri saa mbili

VYAMA vya akiba na mikopo, maghala ya mazao na maduka ya jumla yenye kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwenye seva moja yana nafuu kubwa. Kanuni za matumizi huwekwa mara moja tu, kwenye seva, na kompyuta zote huzifuata. Kanuni hizo ndizo huamua neno la siri liwe na herufi ngapi, skrini ijifunge baada ya dakika ngapi, na kama karani anaruhusiwa kuchomeka flashi.

Hata hivyo, kanuni ikibadilishwa kwenye seva, kompyuta za makarani haziipati papo hapo.

Katika mfumo wa Windows, kompyuta huulizia kanuni mpya inapowashwa na mtumiaji anapoingia. Baada ya hapo huulizia kila dakika 90, na huongezewa muda wa kubahatisha usiozidi dakika 30. Nyongeza hiyo ina sababu: kompyuta zote zikienda kwenye seva kwa wakati mmoja, foleni yake itakuwa kama ya mizani siku ya ununuzi wa pamba.

Kwa hiyo kanuni inaweza kuchelewa hadi saa mbili. Meneja akipiga marufuku flashi saa nne asubuhi kwa kuhofia virusi, karani anaweza kuendelea kuchomeka yake hadi saa sita mchana. Virusi vikiingia katika muda huo, kumbukumbu za hisa na mikopo ya wanachama zimo hatarini.

Amri ya kuharakisha

Dawa yake ni amri fupi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Katika dirisha jeusi linalofunguka andika:

gpupdate

Kompyuta itakwenda kwenye seva na kuchukua kanuni zilizobadilika tu. Ukiandika gpupdate /force, itazipokea zote upya, hata zile za zamani. Amri hii ilianza na Windows XP mwaka 2001 na bado inatumika katika Windows 11. Tangu Windows Server 2012, fundi anaweza pia kuziagiza kompyuta nyingine zifanye hivyo akiwa kwenye seva.

Hakikisha imeshika

Usiishie hapo. Andika gpresult /r ili uone kanuni zilizoshika na saa zilipopokewa mara ya mwisho. Baadhi, kama za kuweka programu mpya, husubiri kompyuta iwashwe upya. Flashi iliyokuwa imechomekwa tayari nayo inaweza kuhitaji hivyo.

Mipaka yake

Kompyuta ya mkononi iliyoko shambani, nje ya mtandao wa ofisi, hubaki na kanuni za zamani hadi ifikie seva. Windows ya toleo la Home haiwezi kujiunga na mfumo huu, hivyo mwenye duka aulize toleo kabla ya kununua.

Mfanyakazi anapoachishwa kazi, la kwanza ni kufunga akaunti yake kwenye seva na kumtoa kwenye kompyuta aliyoingia. Kanuni mpya hufuata baada ya hapo, na gpresult ipitishwe kwenye kila kompyuta kabla ofisi haijafungwa jioni.