MUSWADA UNAVYOKUWA SHERIA: ukisikia "imepita bungeni" usishangilie kwanza

Leo tuongee kitu ambacho vijiweni tunakitaja kila siku ila wengi wetu tunakichanganya.

Siku moja kijiwe cha bodaboda Ngamiani kulizuka ubishi wa nguvu. Jamaa mmoja anasema bima ya afya kwa wote ilipita bungeni 2023, sasa mbona baada ya hapo mama yake aliendelea kulipia dawa kwa hela ya mfukoni? Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri abiria mwenzie akamjibu: "Mwanangu, ukisikia imepita ujue ndo kwanza imeondoka." Watu wakacheka. Ila yule mzee alikuwa sahihi kabisa, na ndo maana nikaamua kuandika hii. Tuichukue sheria hiyohiyo ya bima tuone ilivyosafiri.

MUSWADA NI NINI?
Muswada ni sheria ambayo bado haijawa sheria. Ni pendekezo tu kwenye karatasi. Mingi huletwa na Serikali kupitia waziri. Kamati ya Bunge au mbunge mmoja mmoja naye anaruhusiwa kuleta wake, lakini Katiba ibara ya 99 inambana: mambo ya kodi na matumizi ya fedha za Serikali lazima yatoke upande wa Rais kupitia waziri. Kwa hiyo mbunge wako akikuahidi kwenye kampeni kwamba ataleta muswada wa kufuta kodi fulani, mwulize kwanza ataupitishia mlango gani.

HATUA KWA HATUA
1. Kutangazwa. Muswada unachapishwa kwenye Gazeti la Serikali ili watu wauone kabla haujaingia bungeni. Wangapi tunalisoma? Hapo ndo tunapopigwa bao la kwanza.

2. Kusomwa mara ya kwanza. Usidhani unasomwa wote. Katibu anasoma jina lake tu, basi. Hakuna mjadala. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulifika hatua hii Septemba 2022. Waziri wa Afya wakati huo alikuwa Ummy Mwalimu, ambaye pia alikuwa mbunge wetu wa Tanga Mjini. Yaani sisi watu wa Tanga tulikuwa na mwenye muswada nyumbani!

3. Kamati. Hapa ndo jikoni. Wabunge wachache wanakaa na muswada, wanaupitia kifungu kwa kifungu na kuita wadau watoe maoni. Bima ilichemka hapa. Maneno yalikuwa mawili. La kwanza, muswada ulitaka kufunga baadhi ya huduma na bima, kwa mfano leseni ya udereva, pasipoti na kujiunga kidato cha tano. Kwa dereva boda hiyo si habari ndogo. La pili na kubwa zaidi: wasio na uwezo nani atawalipia, na hela itatoka wapi? Muswada ukasogezwa mbele zaidi ya mara moja. Ulikaa zaidi ya mwaka tangu usomwe mara ya kwanza.

4. Kusomwa mara ya pili. Waziri anatoa hotuba, kamati inatoa maoni yake, halafu wabunge wanachangia. Hii ndo sehemu tunayoionaga kwenye TV, watu wanapigiwa makofi ya meza. Lakini mjadala hapa ni wa jumla, kwamba lengo la muswada ni zuri au baya.

5. Kamati ya Bunge Zima. Sasa wabunge wote wanageuka kuwa kamati, Spika anakuwa Mwenyekiti, na vifungu vinapitishwa kimoja kimoja. Mbunge mwenye marekebisho anayaleta kwa maandishi. Hapa neno moja linaweza kubadilisha maisha ya mtu. "Atalazimika" na "anaweza" ni vitu viwili tofauti kabisa.

6. Kusomwa mara ya tatu. Kura ya mwisho, mara nyingi ni kwa sauti, ndiyo au siyo, unasikia "walioafiki wameshinda". Bima ilipita mwanzoni mwa Novemba 2023.

7. Saini ya Rais. Wengi hatujui kwamba kwa Katiba yetu ibara ya 62, Bunge lina sehemu mbili: Rais na wabunge. Bila saini yake hakuna sheria. Akikataa, ibara ya 97 inasema anaurudisha na sababu zake. Hauwezi kupelekwa tena kwake kabla ya miezi 6, labda uungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Ukirudi hivyo, Rais ana siku 21: asaini, au avunje Bunge. Muswada wa bima ulisainiwa.

SASA MBONA MAMA BADO ALILIPA?
Kwa sababu baada ya saini kuna mambo mengine. Sheria inaweza kusema itaanza tarehe atakayotangaza waziri. Halafu inahitaji kanuni, inahitaji mfuko, inahitaji hela iliyopangwa kwenye bajeti. Sheria inakupa haki kwenye karatasi, kidonge cha Bombo kinanunuliwa na bajeti. Hivyo ni vitu viwili, na ukitaka kumbana mbunge lazima ujue uko kwenye kipi.

NJIA YA MKATO
Kuna kitu kinaitwa hati ya dharura. Muswada ukija na hati hiyo, muda wa kawaida wa kutangazwa na kusubiri unarukwa. Zile sheria za petroli za Julai 2015 zilikuja hivyo, upinzani wakagoma na baadhi ya wabunge wao wakafungiwa vikao. Zile za rasilimali na mikataba ya madini za 2017 nazo zilikuja kwa dharura. Unaweza kupenda sheria yenyewe, lakini jua kwamba muda uliokatwa ni muda wako wewe wa kusema.

Ziko namna nyingi za kupitwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa usiku wa Aprili 1, 2015. Ikasainiwa mwezi huohuo, ikaanza kutumika Septemba 1, 2015. Naibu waziri wa wizara husika alikuwa January Makamba, mbunge wa Bumbuli kule kwetu Lushoto. Kifungu cha 16, kuhusu kusambaza habari za uongo, kiliweka faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Wangapi tuliosambaza meseji usiku ule tulijua kinachopitishwa?

NA HII HAIPITI KABISA BUNGENI KABLA
Kanuni. Bunge likishatunga sheria, linampa waziri mamlaka ya kutunga kanuni za kuitekeleza. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilitoka hivyo, chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010. Kwa bloga, ada za kuanzia zilifika shilingi milioni 2.1, na mwenye intaneti kafe akatakiwa kufunga kamera. Hakuna mbunge aliyepiga kura siku zile kanuni zinasainiwa. Zikaandikwa upya 2020. Kwa hiyo ukikasirika, kasirikia mlango sahihi.

TUFANYE NINI?
Kwanza, usisubiri mjadala wa kwenye TV, wakati huo mchele umeshaiva. Mda wa kusema ni ule wa kamati. Maoni hutumwa hata kwa maandishi, na hapo ulipokaa una kompyuta mbele yako. Pili, tangu 2021 Kiswahili ndo lugha ya sheria zetu, kwa hiyo kisingizio cha kimombo kinaanza kuisha. Tatu, mbunge akija Makorora au Pongwe usimwulize tu "umetufanyia nini". Mwulize: kifungu kile ulipiga kura gani?

Yule jamaa wa kijiweni nilimweleza hivi hivi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo mimi nilikuwa nasubiri kituo ambacho gari halijafika." Ndo hivyo kaka. Ila gari hili ukijua njia zake, unaweza kulisimamisha ukapanda.

Naomba kuwasilisha. Aliyewahi kutoa maoni kwenye kamati yoyote ya Bunge atuambie hapo chini ilikuwaje. Matusi hapana.