Sura ya 6: Setilaiti Haichungi

Kila nikizungumzia utalii wa Garissa, mtu huniambia: "Si wanyama wamefungwa GPS? Basi wako salama." Neno hilo nimelisikia kutoka Ijara hadi Buna, kwa wafugaji na kwa wasomi, na ndilo lililonifanya niandike sura hii.

Nilikusudia kueleza kwa mpangilio simu, ramani na vifaa vya kufuatilia wanyama. Lakini twiga mweupe wa Ishaqbini, hifadhi ya jamii huku Garissa, anafundisha yote matatu, basi nianze naye.

Twiga weupe wa huko walijulikana duniani mwaka 2017, video yao iliposambaa. Wengine wakasema ni majini, wengine baraka, wengine zeruzeru. Zeruzeru hukosa rangi hadi machoni. Twiga hawa macho yao ni meusi. Hali yao huitwa lusizimu: ngozi imekosa rangi, sehemu nyingine za mwili zinayo. Ni jambo la kurithi, na anayelihusisha na majini anawapotosha watoto wetu.

Machi 2020 ikatangazwa kuwa jike na ndama wake wameuawa na majangili. Akabaki dume mmoja. Novemba mwaka huohuo akafungwa kifaa cha GPS kwenye pembe moja.

Kifaa hicho hupokea mawimbi ya setilaiti, hukokotoa mahali kilipo, kisha huwatumia walinzi habari hiyo kila baada ya saa moja. Kazi yake inaishia hapo. Jangili haihitaji saa nzima. Dakika chache zamtosha. Anayemzuia ni askari wa jamii anayezijua njia za malisho, na mchungaji aliyeona nyayo ngeni akapiga simu mapema. Kifaa huwaonyesha pa kwenda, lakini miguu ni yao.

Ramani nayo ina pande mbili. Mtalii wa mvinyo akienda Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, shamba atalikuta palepale, na akilionyesha kwenye ramani ya simu amemletea mkulima wateja. Twiga hana shamba. Picha yake ikipandishwa mtandaoni na alama ya mahali ilipopigwa, jangili ameelekezwa njia bure. Mgeni azime alama hiyo kabla ya kupiga picha.

Ishaqbini ndiko pia anakolindwa swala aitwaye hirola, ambaye Wasomali humwita arawla na ambaye duniani hawazidi 500. Mwaka 2012 walizungushiwa uzio wa kuzuia wanyama wakali, wakaingizwa 48. Ardhi ile ni ya wafugaji, nao walikubali kuitoa huku mifugo yao ikihitaji nyasi. Anayetaka utalii wa kudumu aanze na watu hao: wapate mshahara, maji na sauti. Wakiondoka, setilaiti itaendelea kutuma habari za mzoga.