Sinia Lililokosewa Angani: Fidia ya Haki ni Ipi?

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa wa kisukari hali kwa sababu ya njaa peke yake. Hula kwa saa, kwa kipimo na kwa hesabu, na hesabu hiyo ikikosewa, anayelipa ni mwili wake. Jambo hili nililijua kwa kusoma tangu zamani. Nililijua kwa macho yangu mwaka 2023, nilipomsindikiza mama yangu mzazi kwenda India kutibiwa macho.

Mama ni mstaafu wa kiwanda cha nguo. Amekuwa akijidunga insulini kwa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo nidhamu yake haijalegea. Tulipokata tiketi tulimwomba wakala atuandikie chakula cha mgonjwa wa kisukari, naye akaandika. Kwenye tiketi yetu zilionekana herufi nne, DBML, ambazo ndizo alama ya chakula hicho katika mashirika ya ndege duniani. Tukaridhika, tukafunga mizigo.

Sehemu ya kwanza ya safari ilikwenda salama. Tulipobadilisha ndege, tulipewa viti vilivyoachana: Mama mbele, mimi safu nne nyuma yake. Harufu ya chakula ilipoanza kuenea na toroli za wahudumu kuonekana, Mama alifanya kama afanyavyo nyumbani akisikia sahani zikipangwa mezani. Alitoa kalamu yake ya insulini, akajidunga.

Sinia lililofika mbele yake lilikuwa na karatasi yenye namba ya kiti chake. Lakini ndani yake mlikuwa na majani ya saladi, vipande vya tango, mboga za kuchemsha na maziwa ya mgando yasiyo na sukari. Hapakuwa na wali, mkate wala kiazi. Kilikuwa chakula cha mtu anayepunguza uzito. Mama akamwomba mhudumu mkate. Akajibiwa kwa adabu kwamba asubiri kidogo, wamalize kwanza kuwahudumia abiria wengine.

Akasubiri. Mama ni mtu wa zamani. Akiambiwa asubiri, husubiri. Insulini haikusubiri. Baada ya dakika kama arobaini abiria aliyeketi kando yake alibonyeza kengele, akaita kwa sauti kwamba bibi huyu anatetemeka na jasho linamtiririka. Nilipomfikia hakuweza kunitaja jina. Kipimo kilionyesha 2.6, ilhali chini ya 4 ni hatari. Tulimnywesha maji ya machungwa yenye sukari, kidogo kidogo, hadi fahamu zikamrudia. Tulipotua alichukuliwa hospitali, akalazwa usiku mmoja. Miadi yetu ya macho ilisogezwa mbele siku mbili, nasi tukalipia malazi ya siku hizo.

VOCHA YA POLE

Tuliporejea Dar es Salaam niliandika malalamiko kwa shirika lile. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilisikitika kwa "usumbufu" uliotupata, likatupa vocha ya dola 50 ya kupunguziwa nauli katika safari nyingine, itumike kabla ya mwaka kwisha.

Mama alinisikiliza nikimsomea, kisha akauliza, "Mwanangu, mimi nitapanda tena ndege lini?"

Shemeji yangu, ambaye ni mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa hesabu, alishauri tudai shilingi milioni mia moja. "Wana ndege, hawana shida," alisema. Nakiri kwamba usiku ule hesabu yake ilinivutia. Lakini Mama alikataa. "Hiyo milioni mia ni ya nini? Hospitali nimelipa kiasi kinachojulikana. Ninachotaka ni kilichonitoka, na waniambie kosa lilitokea wapi, asije akafa mwingine."

Ndipo nikaanza kutafuta jibu la swali ambalo ndugu msomaji huenda nawe ukalikabili siku moja: fidia ya haki ni ipi?

SHERIA INASEMAJE

Safari za ndege za kimataifa zinatawaliwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, uliochukua nafasi ya Mkataba wa Warsaw wa mwaka 1929. Tanzania na India ni miongoni mwa nchi zilizoukubali. Ibara yake ya 17 inasema kwamba shirika la ndege litawajibika iwapo abiria atakufa au kuumia mwilini kwa sababu ya ajali iliyotokea ndani ya ndege, au wakati wa kupanda au kushuka.

Neno "ajali" hapa halina maana ya ndege kuanguka tu. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la abiria aliyepoteza usikivu wa sikio moja ndege ilipokuwa ikishuka, ilieleza kwamba ajali ni tukio lisilotarajiwa au lisilo la kawaida, lililo nje ya mwili wa abiria. Abiria yule alishindwa, kwa kuwa ndege ilikuwa ikifanya kazi zake kama kawaida. Lakini mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba hata kikombe cha kahawa ya moto kinachomwagika na kumchoma mtoto ndani ya ndege ni ajali, ijapokuwa haihusiani na hatari za urukaji. Kwa mwanga huo, sinia lililokosewa na ombi la mkate lililoahirishwa si mambo ya kupuuzwa.

Mkataba huo pia unataja kiwango ambacho hadi hapo shirika haliwezi kukwepa wajibu kwa kusema tu kwamba halikuzembea. Tangu Desemba 28, 2024 kiwango hicho ni 151,880, kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa kiitwacho SDR. Wengi husikia tarakimu hiyo wakadhani ni zawadi inayongoja kuchukuliwa. Sivyo. Abiria hulipwa hasara aliyoithibitisha, na mkataba unakataza fidia za kumwadhibu mkosaji. Milioni mia za shemeji yangu zilianguka hapo.

Kuna na upande wa pili. Ibara ya 20 inasema kwamba abiria akichangia madhara yake kwa uzembe wake, fidia hupunguzwa kwa kadiri hiyo. Shirika lile liliuliza swali moja tu, nalo lilikuwa swali zito: kwa nini mgonjwa alijidunga kabla ya kukiona chakula?

Niliposoma swali hilo nilighadhibika. Mama hakughadhibika. "Wanasema kweli," alisema. "Andika hivyo hivyo. Na andika kwamba mkate niliuomba mapema, nikaambiwa ningoje."

TULICHOKIPATA

Barua yetu ya pili haikuwa na matusi wala vitisho. Ilikuwa na tarehe, namba ya safari, namba ya kiti, nakala ya tiketi yenye zile herufi nne, picha ya sinia ambayo kwa bahati abiria jirani aliipiga, ripoti ya daktari na stakabadhi zote. Tulidai mambo matatu: gharama za hospitali, gharama za malazi, na maelezo ya kosa. Tulikiri tulichopaswa kukiri.

Yalipita majuma saba. Shirika lilirudisha gharama zote za hospitali na nusu ya gharama za malazi, likabadilisha ile vocha kuwa fedha taslimu. Katika barua lilieleza kwamba masinia mawili yalibadilishiwa karatasi jikoni kabla ya kupakiwa. Kwa hiyo mahali fulani katika ndege ile alikuwapo abiria mwingine aliyekula chakula cha Mama.

Je, ilikuwa haki? Shemeji anasema tulipunjwa. Mama aliikunja barua ile akaiweka pamoja na kadi yake ya kliniki, akasema jambo limekwisha. Mimi naona kwamba tulipata kilichothibitika, na kwamba nusu ya malazi tuliyoikosa ilikuwa bei ya ile dakika moja ya haraka.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa familia zenye mgonjwa, au zenye mtu ambaye chakula fulani kwake ni mwiko, haya ndiyo tuliyojifunza.

Kwanza, chakula maalumu kiombwe mapema. Mashirika mengi hutaka taarifa ya angalau saa 24 kabla ya safari, mengine zaidi. Ulizeni tena mnapokabidhi mizigo, na tena mnapoingia ndegeni. Na ikiwa mnabadilisha ndege, ulizeni kwa kila ndege.

Pili, zijueni herufi. MOML ni chakula cha Waislamu. HNML ni cha Wahindu, nacho huweza kuwa na nyama isiyo ya ng'ombe. Asiyekula nyama kabisa, akitaka mapishi ya Kihindi, aombe AVML. Wapo waliokosea hapo wakalaumu wahudumu bure. Na abiria ambaye imani yake imejeruhiwa bila mwili wake kudhurika hupata msaada mdogo sana katika mkataba huu.

Tatu, mgonjwa wa kisukari asijidunge insulini ya chakula mpaka sinia liwe mbele yake, na awe amelitazama. Aweke mkobani biskuti, glukosi na kipimo chake. Asione haya kusema kwa sauti, "Mimi ni mgonjwa, siwezi kusubiri." Wanaosafiri pamoja wakae pamoja, hata kama ni kwa kumwomba abiria mwingine kubadilishana kiti.

Nne, kosa likitokea, mhudumu aombwe aliandike katika taarifa ya safari. Pigeni picha na tunzeni kila stakabadhi. Msitie sahihi karatasi yoyote ya kumaliza madai kabla hamjajua gharama zote.

Tano, muda usiwapite. Haki ya kushtaki chini ya Mkataba wa Montreal hufa baada ya miaka miwili. Mwenye tiketi ya kwenda na kurudi iliyoanzia Dar es Salaam anaweza kufungua shauri hapa nchini, kwa kuwa mwisho wa safari yake ni hapa. Kabla ya mahakama, malalamiko yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na lipo pia Baraza la Ushauri la watumiaji wa huduma hizo.

Macho ya Mama yalitibiwa, naye sasa husoma gazeti hili bila kusaidiwa. Mwaka uliofuata ilitubidi turudi India kwa uchunguzi. Sinia lilipofika alilifunua, akakitazama chakula kitu kimoja kimoja, akahesabu vipande vya mkate. Kisha ndipo akafungua mkoba wake.