Kopo la chooni ndilo husahaulika

WALIORUDI Burundi kutoka kambi za Nyarugusu na Nduta mkoani Kigoma wanakijua vizuri choo cha kuchangia. Baadhi yao wamekikuta tena Buyenzi na Bwiza, mjini Bujumbura: ua mmoja, kaya tano, choo na bafu chini ya paa moja, na zamu ya usafi ambayo haipiti bila maneno.

Zamu hiyo hupimwa kwa pua. Dawa ikimwagwa mpaka ua mzima ukanuka, majirani huridhika kwamba leo pamesafishwa. Lakini harufu haiui vijidudu vya kipindupindu. Kinachoviua ni klorini, nayo ikikutana na kinyesi au uchafu uliogandamana, nguvu zake huishia hapo. Anza na maji, sabuni na brashi, suuza, ndipo umwage dawa na kuiacha dakika 10.

Wanaovuka mpaka kwa biashara wanaijua dawa hiyo kwa majina mawili. Kigoma ni jiki, Bujumbura na Uvira ni javeli. Kitu ni kilekile, ila nguvu hutofautiana kati ya chupa na chupa, hivyo soma kibandiko. Kwa choo kinachotumiwa na mgonjwa wa kuhara, dawa yenye klorini asilimia 2.6 huchanganywa kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji. Ya asilimia 3.5, kwa vikombe 6. Ya asilimia 5, kwa vikombe 9. Maji yawe baridi, na uchanganye ya siku hiyo tu. Chupa iliyoanikwa juani sokoni kwa wiki kadhaa hupungua nguvu, ingawa bei yake haipungui.

Jirani yangu mmoja alimwaga javeli juu ya asidi ya kuondolea madoa ya sinki, akidhani mbili zitashinda moja. Alitoka mbio akikohoa, macho yanamchuruzika. Mchanganyiko ule hutoa gesi ya klorini, na ndani ya chumba kisicho na dirisha huweza kuua. Usiuchanganye kamwe. Hata mkojo uliolala, ufagie kwa maji mengi kwanza.

Sasa tazama kopo la kutawadhia. Sakafu imesuguliwa, ukuta umesuguliwa, kopo limerudishwa pale pale na utelezi wake. Mtu akimaliza haja hulishika, kisha hushika komeo la mlango, kisha bomba, na sabuni ndiyo ya mwisho, kama ipo. Kipindupindu kilichotangazwa Burundi Januari 2023 hupita kwenye maji na chakula, na mikono ya namna hiyo ndiyo hukipeleka huko. Kopo, komeo na bomba vioshwe kwa sabuni na kupakwa dawa kila siku, hata kama si siku ya zamu.

Katika ua mmoja wa Buyenzi, waliorudi wametundika kibuyu chirizi nje ya mlango: dumu, kamba na kijiti cha kukanyagia, kama walivyozoea kambini. Bomba haliguswi tena. Ugomvi uliobaki ni nani anayeondoka na sabuni.