Mama asipomtaja baba wa mtoto: sheria ya Marekani na mizani ya kanisa letu



Familia nyingi za hapa mashariki zina ndugu zao Marekani. Kati ya Oktoba 2015 na Septemba 2016 peke yake, nchi ile ilipokea wakimbizi Wakongo zaidi ya 16,000, wengi wao wakitoka katika nchi jirani kama Uganda, Burundi na Tanzania. Leo wako Kentucky, Texas, Iowa, Michigan na kwingineko.

Kati yao wamo wamama wanaolea watoto bila mume. Mmoja alifiwa, mwingine aliachwa, mwingine alipotezana na mumewe katika mbio za vita, mwingine alizaa kwa sababu ya kubakwa. Mama wa namna hiyo akienda kuomba msaada wa serikali kwa ajili ya watoto, anakutana na swali ambalo pengine hakulitazamia: baba wa mtoto huyu ni nani, na yuko wapi? Akikataa kujibu, msaada unaweza kukatwa. Ni vizuri tuelewe sheria hiyo inasema nini, kwa nini iliwekwa, na inatuonya nini sisi tuliobaki hapa.

Sheria ilitoka wapi

Msaada wa fedha wa serikali kuu ya Marekani kwa watoto maskini ulianza kwa sheria ya mwaka wa 1935. Mwanzoni watu waliwafikiria hasa watoto wa wajane. Miaka ilipopita, wapokeaji wengi wakawa wamama ambao baba wa watoto wao yu hai, ila hayuko nyumbani. Ndipo wengi wakauliza: kwa nini kodi ya watu imlishe mtoto ambaye baba yake anafanya kazi na kupokea mshahara?

Mwaka wa 1975 ikawekwa programu ya nchi nzima ya kuwatafuta baba hao, kuthibitisha kwamba mtoto ni wao, na kuwatoza fedha za matunzo. Tarehe 22 Agosti 1996 Rais Bill Clinton akatia sahihi sheria iliyobadilisha msaada wenyewe. Msaada huo mpya unaitwa TANF, maana yake ni msaada wa muda kwa familia zenye shida.

Mama anayeupokea anadaiwa mambo mawili. La kwanza, anaikabidhi serikali haki yake ya kupokea matunzo kutoka kwa baba wa mtoto. La pili, anatakiwa kushirikiana na ofisi ya matunzo: ataje jina la baba, aseme anachojua juu ya makao na kazi yake, afike anapoitwa, na kukiwa na mashaka yeye na mtoto wakubali kupimwa ili uzazi uthibitishwe.

Asiyeshirikiana bila sababu ya haki anapata adhabu. Sheria ya nchi inalazimisha kila jimbo kupunguza msaada wa familia hiyo kwa asilimia 25 au zaidi, na jimbo likitaka linaweza kuukata wote. Tuchukue mfano. Familia iliyokuwa ikipokea dola 400 kwa mwezi itabaki na dola 300, au haitabaki na kitu. Jimbo lisilotoa adhabu hiyo nalo linaweza kupunguziwa fedha zake na serikali kuu, hadi asilimia 5. Kwa hiyo yule mtumishi wa ofisi anayeuliza maswali makali si lazima awe na moyo mgumu. Naye anasukumwa kutoka juu.

Adhabu inaweza kugusa mambo mengine pia. Majimbo yana ruhusa ya kudai ushirikiano huo kwa mtu anayepokea msaada wa chakula. Katika matibabu ya serikali, mama anaweza kupoteza bima yake mwenyewe, lakini mtoto hapotezi ya kwake, na mwanamke mwenye mimba hadaiwi hilo.

Kwa nini mama ananyamaza

Mtu wa mbali anaweza kusema kwamba mama anayemficha baba wa mtoto ni mwongo au mvivu. Tusiende haraka hivyo. Sababu ni nyingi.

Ya kwanza ni hofu. Kuna mwanaume aliyempiga mke wake mpaka akakimbia. Barua ya ofisi ikimfikia mwanaume huyo, atajua kwamba ametajwa, na pengine atajua pia mama anaishi mji gani.

Ya pili ni fedha zenyewe. Kwa kuwa mama amekabidhi haki yake, matunzo anayotozwa baba hayaendi moja kwa moja mezani kwa mtoto. Kwa kawaida serikali inayachukua ili kujirudishia msaada ilioutoa. Majimbo mengine yanamwachia mama sehemu ndogo, mengine hayamwachii kitu. Colorado ilianza, mwaka wa 2017, kuacha fedha zote za matunzo ya kila mwezi zimfikie mama bila kupunguza msaada wake. Pasipo utaratibu wa namna hiyo, baba maskini na mama maskini wanaona ni afadhali yeye alete unga na viatu vya shule kimyakimya kuliko fedha zipitie ofisini na zisirudi. Sheria iliyotaka baba alipe inaweza hivyo kuwafundisha wazazi kujificha.

Ya tatu ni kutojua kweli. Mama aliyebakwa na watu wenye silaha atataja jina gani?

Na ukitazama vizuri, fimbo inamwangukia nani? Baba aliyekimbia wajibu hakatwi kitu kwa kimya cha mama. Chakula kinachopungua ni cha mtoto, ambaye hakuulizwa swali lolote. Uingereza nayo ilianza mwaka wa 1993 kuwakata msaada wamama waliokataa kuwataja baba wa watoto wao bila sababu iliyokubaliwa. Mwaka wa 2008 iliacha kuwalazimisha.

Mlango ulioachwa wazi

Sheria ya Marekani imeacha mlango kwa wenye sababu ya haki, na wamama wengi hawaujui. Kila jimbo linaeleza sababu zake. Zinazokubaliwa sana ni hatari ya mama au mtoto kuumizwa mwilini au kuvunjwa moyo sana, mtoto aliyezaliwa kwa kubakwa au kwa uovu wa ndugu wa damu, na mtoto anayeandaliwa kulelewa na familia nyingine kisheria. Tena, mwenye hofu ya kudhuriwa anaweza kuomba alama ya ulinzi iwekwe katika faili lake ili makao yake yasitolewe.

Basi, ukiwa na dada au binti kule, mweleze hivi. Asitunge jina, maana uongo mbele ya serikali unaleta taabu kubwa kuliko kimya. Asinyamaze tu, maana kimya kinahesabiwa kuwa ni kukataa. Aseme kweli yote anayoijua, na asichokijua aseme hakijui. Kama kuna hatari, aitaje kabla ya kutaja jina, aombe maombi yake ya sababu ya haki yaandikwe, na aombe mkalimani asiye jirani wala ndugu wa mume. Karatasi ya polisi, ya daktari, au barua ya mchungaji anayeijua habari yake inaweza kumsaidia. Akiwa amekwisha kukatwa msaada, ana haki ya kuomba kesi yake isikilizwe tena, lakini siku za kufanya hivyo zinahesabiwa. Asikae na barua mezani.

Na sisi hapa?

Kwetu mama wa peke yake hana msaada wa fedha wa kila mwezi kutoka kwa serikali, kwa hiyo hakuna cha kukatwa. Lakini wajibu wa baba upo. Sheria yetu ya familia ya mwaka wa 1987, iliyorekebishwa mwaka wa 2016, inasema kwamba kila mtoto Mkongo anapaswa kuwa na baba, na kwamba hakuna mwenye haki ya kumpuuza mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza watu wa nyumbani mwake ameikana imani (1 Timotheo 5:8). Kumtafuta baba si kosa. Mtoto ana haki ya kumjua baba yake na kula jasho lake.

Lakini tujipime. Katika sharika zetu nyingi, binti akionekana ana mimba bila ndoa, anaitwa mbele ya wazee. Anaambiwa amtaje mwanaume. Asipomtaja, anatolewa katika kwaya, anazuiwa Meza ya Bwana, na mara nyingine hata mtoto anacheleweshwa kuletwa mbele ya kanisa kuombewa. Mwanaume, ambaye pengine anakaa viti viwili nyuma yake, anaendelea kuimba. Tunamwadhibu yule ambaye tumbo lake linaonekana. Tofauti yetu na ile ofisi ya mbali ni nini? Wao angalau wameandika sababu ambazo mama anaruhusiwa kunyamaza. Sisi tumeandika wapi?

Isaya alitangaza ole juu ya watu wanaoweka amri za kuonea, hata wajane wakawa mateka yao na yatima wakanyang'anywa (Isaya 10:1-2). Neno hilo halikusemwa kwa serikali za kigeni. Lilisemwa kwa watu wa Mungu.

Kwa hiyo, wazee na wachungaji, tukubaliane mambo machache. Binti asiulizwe mbele ya kundi, bali faraghani, na mama mwenye hekima awepo. Swali la kwanza liwe, "Uko salama?" Swali la pili liwe, "Wewe na mtoto mnakula nini?" La baba lifuate. Akitajwa, kanisa limwendee yeye kwa uzito ule ule, na nidhamu ya kwanza kwake iwe kumtunza mtoto. Akiwa ni mtu wa kuogopwa, au akiwa hajulikani, kanisa lifunge mdomo na kufungua mkono. Na kwa vyovyote, mtoto asizuiwe kitu kwa sababu ya jina ambalo mama yake hakulitamka.

Bwana atupe macho ya kumwona mtoto huyo kwanza.