Ati Imebaki Moja? Acha Ibaki

Kuna masaa TikTok ya Nairobi hugeuka soko. Saa tatu usiku, umejitupa kwa kitanda na bando ya mwisho mwisho, msupa wa kuuza mtush anaingia laivu. Nyuma yake nguo zimening'inia hadi ukuta hauonekani. Anatoa jaketi ya leda, anaigeuza mara mbili, anavuta zipu karibu na simu ndio uiskie vile inateleza. "Hii ni kamera, wasee. Iko moja tu. Ngiri na rwabe, wa kwanza kutuma ndio ameibeba." Kwa komenti watu wanaanza: yangu, yangu, yangu. Jaketi inawekwa kando, inatoka ingine.

Sasa cheki vile umechezwa. Hukupata nafasi ya kujiuliza kaa mabega itaingia. Hukuuliza utadunga leda wapi na hiyo jua ya Kayole. Kitu uliskia ni "yangu" ya watu wengine, na mkono ukaenda kwa M-Pesa kabla kichwa ifike.

Hii uoga ya kuachwa nyuma wasee wameibatiza FOMO, na jina si ya juzi. Patrick McGinnis, jamaa wa Marekani, aliiandika 2004 kwa gazeti ya wanafunzi wa biashara pale Harvard, akichongoa mabeste wake wenye walikuwa wanataka kuwa kila sherehe kwa usiku moja. Hiyo time hakukuwa na Instagram, na M-Pesa haikuwa imezaliwa. M-Pesa ilikam 2007, Fuliza ikafuata 2019. Kwa hivyo sisi tuko na ile uoga ya McGinnis, plus duka kwa mfuko, plus mkopo wenye hauulizi swali.

Lakini tusiwekelee simu makosa yote. Presha ya kununua ilikuwa soko ya Gikosh kitambo. Enda asubuhi mapema wakifungua beli. Kamba zinakatwa, plastiki inapasuliwa, nguo zinafura kutoka ndani kaa unga ya mandazi. Wenye wako na maduka tao na wale wa kuuza Insta wamesimama mbele, ju kamera huchaguliwa kwanza. Mikono zinaingia zote pamoja. Utaona msee amekumbatia trao tatu kwa kifua na hajacheki saizi ya ata moja, ju anajua akiweka chini, imeenda. Hapo siwezi mcheka. Hiyo trao kweli iko moja, na mwenye ako kando yake kweli anaitaka.

Shida ni vile tunasahau kenye hufuata. Hiyo beli si ya mwisho duniani. Zingine zinangoja kufunguliwa, na za wiki ijayo ziko njiani. Na ile nguo haikubebwa asubuhi inaanza kushuka bei polepole, mchana inaongeleka, jioni imekuwa fagia, imetupwa kwa rundo ya finje na muuzaji anaita watu hadi sauti inaisha. Wenye wamechanuka pale Gikosh hupiga raundi nzima bila kutoa ganji. Wanauliza bei, wanasema "narudi", wanaenda. Ikifika saa tisa wanarudi kweli, muuzaji amechoka, hataki kufunga mzigo tena. Hao ndio wenye hupiga luku kali na huwezi waskia wakiomba mtu soo.

Mtandaoni hakuna saa tisa. Kule "imebaki moja" ni maneno tu, na maneno hayaishi stoku. Ndula mpya kutoka kiwandani inawekwa status na "saizi ya mwisho", wiki ijayo picha ni ile ile, saizi ni ile ile, na bado ni ya mwisho. Apu zinakuwekea saa ya kuhesabu kurudi nyuma, zinakwambia wasee wangapi wanacheki hiyo kitu saa hii. Nani amewahesabu? Alafu Novemba ikifika inaingia Black Friday. Kwa wenyewe Marekani hiyo ilianza kaa siku moja, Ijumaa ya baada ya Thanksgiving, sikukuu yenye sisi hatuna. Hapa Jumia na wenzao wameinyoosha ikalala karibu Novemba mzima. Ofa ya siku moja naeza elewa ukikimbia. Ya mwezi mzima unakimbilia wapi? Alafu angalia imewekwa wapi kwa kalenda: nyuma yake ni Desemba ya ocha, nyuma ya Desemba ni Njaanuary na fee za madogo.

Na si nguo pekee. Tangu Safari Rally irudi kwa ratiba ya WRC 2021, Vasha imekuwa mtihani wa mtaa. Rali ikikaribia, mbogi inachanga mafuta, keja ya kulala inabukiwa na bei ya wazimu, kila mtu anataka buti mpya na kofia mpya ya vumbi. Kuna wasee wameenda Vasha na hawajaona gari ata moja ya rali ikipita. Waliona nyama choma na foleni ya kurudi Nai. Kaa unapenda magari, enda, na uende mapema. Kaa unaenda ju Jumatatu hutaki kukosa stori, hiyo stori ni ghali sana.

Sasa utajuaje ni roho inadai ama ni presha tu? Mimi huangalia kitu moja kwanza: kaa unaficha. Msee wa boda analeta parseli na unamwambia akungojee kona, ju hutaki mathe ama msee mnaishi naye aione. Hapo moyo wako ushajua. Ingine ni hii, unakumbuka bei ilikuwa ngapi na imeshuka hadi ngapi, lakini huwezi sema utaivaa na nini. Ama umenunua, ile joto ya kifua ikaisha ata kabla mzigo ifike, na ikifika unaiacha kwa karatasi yake siku tatu.

Noma kabisa ni pesa yenyewe. Zamani kutoa jirongo mfukoni ilikuwa inauma, unaishika, unaiangalia, unairudisha. Siku hizi ujumbe inatokea kwa skrini, unaeka PIN, imeisha. Ukipungukiwa, Fuliza inajazia. Kutoka hapo inaweza kukuchaji kila siku yenye hujalipa, na ganji yoyote ikiingia inakatwa kwanza, ata kaa ni ile brathe ametuma ununulie mathe dawa. Kufuliza ju ya unga naelewa, njaa haina adabu. Kufuliza ju ya ndula ya nne ni ufala, na nasema hivo na heshima zote.

Dawa yake si kujikaza. Mtu hawezi shindana na simu kila usiku akiwa amechoka. Dawa ni kuweka vizuizi ukiwa na akili timamu, mchana. Fuliza unaeza toka kwayo ata leo, ukishalipa deni. M-Shwari iko na akaunti ya kufunga pesa hadi tarehe yenye umechagua, na kaa huamini simu, kuna chama: mchango ikitoka siku ya mshahara, hakuna kitu ya kutuma saa tatu usiku. Wauzaji wenye hukumaliza wanyamazishe tu, si lazima uwabloku, ni watafutaji kama wewe.

Na kitu ikikubamba kabisa, piga skrinishoti ulale. Status hufa baada ya masaa 24, wacha ife. Asubuhi fungua hiyo picha ukiwa kwa mat, ukiwa na njaa, ukihesabu nauli. Gawanya bei na kenye unapata kwa siku. Ndula ya tenga tatu kwa msee wa mjengo ni siku kadhaa za kubeba mawe, na akiiangalia hivo anaeza amua bado inafaa. Sawa kabisa, hiyo sasa ni kununua. Mara mingi lakini utaona umesahau ata ulipiga skrinishoti ya nini.

Kaa uko na form ya Gikosh Jumamosi hii, beba kesh ya kitu moja na nauli ya kurudi. Raundi ya kwanza mikono ikae kwa mfuko. Na simu uishikilie vizuri, hizo pande kuna wasee wako na haraka kukushinda.